Wikendi ya Matope: Mwongozo Kamili wa Safari ya Pikipiki Nje ya Lami Wakati wa Mvua

Mvua ikianza, waendeshaji wengi hufunika pikipiki zao turubai wakangoja ardhi ikauke. Wengine ndio kwanza hupigiana simu. Kama uko kundi la pili, mwongozo huu ni wako: siku mbili nje ya lami, marafiki wachache mnaoaminiana, na ardhi iliyolowa hadi ndani. Nitafuata mwendo wa safari yenyewe, tangu mkiwa bado nyumbani mpaka pikipiki imeoshwa na kurudishwa mahali pake.

Natanguliza jambo moja, kwa kuwa karibu ushauri wote ulio huku chini umetoka hapo. Tope haliangushi watu sana. Uchovu ndio unaoangusha. Mtu yuleyule aliyeruka mizizi mitatu asubuhi bila kuiwaza, alasiri anaanguka mahali ambapo hata mtoto angepita. Kila pikipiki inapolala chini na kuinuliwa, unatoa nguvu ambayo siku hiyo hairudi. Kwa hiyo katika kila uamuzi, wa njia, wa upepo wa tairi, hata wa soksi, swali langu ni moja: hili litanipunguzia kazi au litaniongezea?

Kupanga njia

Chukua umbali mnaoumaliza kwa siku wakati wa kiangazi, ugawe kwa mbili. Kama kawaida yenu ni kilomita 120, pangeni 60, na msishangae zikibaki 15 jua likikaribia kuzama. Mafuta nayo yapigiwe hesabu upya, kwa sababu kwenye tope injini hufanya kazi kubwa kwenye gia ndogo na kilomita chache. Sheria yangu ni kwamba tangi likifika nusu na hatujafika nusu ya njia, tunageuka.

Njia nzuri ya mvua si ile ngumu kuliko zote, ni ile yenye milango mingi ya kutokea. Kila kilomita 10 au 15 iwepo njia ya kurudi barabara kuu. Kwenye ramani weka alama kila mto unaovukwa, kisha ujiulize: mvua ikinyesha juu milimani tukiwa tumeshavuka, tutarudi wapi? Mito miwili yenye daraja hapo katikati ni salama kuliko mto mmoja usio na daraja mwishoni. Pakua ramani kwenye simu ili ifanye kazi bila mtandao, mwachie mtu aliye nyumbani njia mtakayopita na saa ambayo akikosa kuwasikia aanze kuwatafuta.

Pia ulizeni kama njia inaruhusiwa wakati wa mvua. Kuna njia zinazofungwa makusudi msimu huu, kwa sababu tairi moja kwenye udongo laini huacha mfereji ambao maji yatauchimba hadi uwe korongo. Kukata kona kupitia majani ili kukwepa dimbwi ndiko kunakopanua uharibifu. Dimbwi lipitwe katikati.

Idadi: watu 4 hadi 6. Chini ya 3 msiende. Mmoja akiumia, wa pili abaki naye, wa tatu afuate msaada. Zaidi ya 6, siku nzima itaisha mkisubiriana kwenye njiapanda huku mnatetemeka.

Pikipiki

Anza na tairi, maana hapo ndipo pesa na muda vinalipa zaidi. Unahitaji meno marefu yenye nafasi pana kati yake, ili tope likibanwa litemwe gurudumu likizunguka. Meno yaliyosongamana hujaa tope mizunguko miwili tu, na baada ya hapo unaendesha juu ya chapati ya udongo.

Upepo upunguzwe. Pikipiki nyepesi ya porini yenye vibanio vya tairi ndani ya rimu inaweza kushushwa hadi psi (kipimo cha upepo wa tairi) 12 hadi 15. Kubwa ya safari, yenye mizigo, ibaki karibu na 20 hadi 25. Tairi lenye upepo mdogo hutandika sehemu kubwa zaidi ardhini na hujikunja kufuata jiwe au mzizi badala ya kurushwa nalo. Lakini ukishusha mno bila vibanio, tairi huteleza juu ya rimu na kuvuta tyubu hadi mdomo wake ukatike. Ukiona mdomo wa tyubu umelala upande badala ya kusimama wima, simama uurekebishe kabla haujakatika. Bebeni pampu ndogo na kipimo, na mkumbuke kuongeza upepo kabla ya kurudi lamini.

Mnyororo uuache umelegea kidogo kuliko kawaida. Tope likijaa kwenye sproketi huukaza, na mnyororo uliokazika huumiza beringi za gia au hukatika. Chujio la hewa la sponji lipakwe mafuta yake maalum, na la akiba liwekwe tayari limepakwa ndani ya mfuko wa plastiki. Vibao vya breki vikague kwa macho, usikisie: mchanga na maji hufanya kazi kama msasa, na nimewahi kuona vibao vilivyokuwa na nusu ya uzima vikiisha kabla ya saa kumi jioni.

Halafu kuna vitu vidogo ambavyo wengi huvipita. Leva za breki na klachi zisikazwe hadi mwisho kwenye usukani. Zikaze kiasi kwamba zikigonga ardhi zizunguke, zisivunjike, na bebeni moja moja ya akiba. Madigadi ya mbele iliyokaa karibu na tairi itoe kabisa, kwa sababu udongo wa mfinyanzi utajaa hapo hadi gurudumu la mbele ligome kuzunguka. Chini ya madigadi zilizobaki pulizia silikoni au paka mafuta ya kupikia. Tope litashika, lakini litaanguka mapema. Viungio vya nyaya za umeme vipake grisi isiyopitisha umeme. Kama injini hupozwa kwa maji, jiandae kusafisha uso wa rejeta njiani: ukizibwa na tope injini huchemka, na mvua yote hiyo haitaisaidia.

Mavazi na mzigo

Usivae pamba karibu na ngozi. Ikilowa haikauki, na upepo unaopita kwenye nguo iliyolowa huiba joto la mwili kwa kasi usiyoitegemea, hata mahali ambapo hakuna anayezungumzia baridi. Vaa polista au sufu nyembamba, juu yake vikinga mwili, juu kabisa koti la mvua lenye zipu za kupitisha hewa. Koti lisilopumua litakulowesha kwa jasho lako mwenyewe, na matokeo ni yaleyale.

Buti zisizopitisha maji ni nzuri mpaka maji yaingie kwa juu. Baada ya hapo hazipitishi maji kutoka. Mimi nimeacha kuhangaika nazo: nakubali miguu italowa, navaa soksi za sufu, na nabeba jozi ya pili. Glovu beba jozi tatu. Hilo si kudekeza vidole. Glovu iliyojaa tope huteleza kwenye usukani, unashika kwa nguvu zaidi, mikono inachoka saa moja mapema, na vidole vilivyochoka havipimi breki.

Miwani ikipata ukungu usiifute kwa ndani na kidole chenye tope. Kabla ya kuondoka, paka ndani tone la sabuni ya vyombo, uisugue hadi ipotee. Ukisimama, ivue usoni mara moja, maana joto la uso ukiwa umesimama ndilo linaloleta ukungu.

Mzigo uwe mdogo na ukae chini. Vifaa vizito vikiwa mgongoni vinakuchosha kila unaposimama na kukaa. Gaweni vitu vya kundi: mmoja spana na plaizi, mwingine tyubu na vyuma vya kufungulia tairi, wa tatu kisanduku cha huduma ya kwanza, wa nne kamba imara ya mita 10 hivi na mikanda ya kuvutia. Lakini kila mtu awe na vyake hivi: maji, chakula, taa ya kichwani, filimbi, blanketi jembamba la dharura na plagi ya akiba inayoingia kwenye injini yake.

Mpangilio wa kundi

Kabla ya kuwasha, simameni dakika tano mkubaliane. Nani anaongoza? Nani anafunga mkia? Mfunga mkia awe mzoefu na awe na subira, wala asimpite mtu yeyote siku nzima. Kwenye kila njiapanda, yule anayemfuata kiongozi anasimama hapo na kuwaelekeza wote, na haondoki mpaka amwone mfunga mkia. Utaratibu huu ukifuatwa, hakuna haja ya kukimbizana ili kuonana, na kukimbizana ndiko kunakovunja mikono.

Acha nafasi kubwa. Tope la tairi la mwenzako litakupofusha, na ukiwa karibu mno akakwama katikati ya mfereji, hutakuwa na njia nyingine ila kumgonga. Kwenye mlima na kwenye mto apite mmoja mmoja.

Mwendo ni wa yule wa polepole kuliko wote, na mapumziko yaanze akifika yeye, si akifika wa kwanza. Wale wa mbele huwa wamepumzika dakika kumi, wanaona vumbi lake (au tope lake), wanawasha. Maskini hajapata hata kunywa maji. Baada ya mara tatu za hivyo ndipo anapoanguka, na jioni utasikia watu wakisema hana ujuzi.

Kuendesha kwenyewe

Simama kwenye vikanyagio, magoti yamejikunja, yamebana tangi, viwiko nje, vidole vimelegea. Usukani uache uchezecheze. Gurudumu la mbele kwenye tope linatafuta njia yake, na mwenye kulikaba ndiye anayelikosesha. Tazama mbali, pale unapotaka kufika. Ukiliangalia jiwe, utalipanda.

Tope jepesi lililo juu ya ardhi ngumu linahitaji upole: gia ya pili, mafuta ya kudumu, uzito katikati. Gia ya pili kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi mno na tairi huzunguka bure. Tope zito, lile la kufika nusu ya gurudumu, linahitaji mwendo wa kutosha kabla ya kuingia na uzito kidogo nyuma, ili gurudumu la mbele lielee. Ukifunga mafuta ghafla katikati, uzito unarudi mbele na usukani unazama. Kosa la kwanza la karibu kila mgeni wa tope ni hilo: anaogopa, anafunga mafuta, anaanguka, halafu anasema alikuwa anaenda kasi mno.

Mifereji iliyochimbwa na magari chagua mmoja kabla ya kuingia, kisha ukae nao hadi mwisho hata ukiona wa jirani ni mzuri kuliko wako. Kujaribu kuhama ni kuliegemeza gurudumu la mbele kwenye ukuta wa udongo, na ukuta hushinda. Walimu wengi husisitiza kusimama muda wote. Mimi kwenye mfereji mrefu na mwembamba hukaa, nikatandaza miguu pembeni na kutembea nayo. Haipendezi kwenye picha, lakini inafika.

Mizizi na mbao zilizolowa ni hatari kuliko tope. Zivuke kwa pembe mraba kadiri inavyowezekana, pikipiki ikiwa wima, bila breki na bila kuongeza mafuta wakati tairi liko juu yake. Mzizi unaolala mshazari na njia ni wa kuuheshimu hata kama ni mwembamba kama kidole.

Kupanda mlima: kasi uipate chini, siyo katikati. Tazama kileleni, egemea mbele kiasi cha kuzuia usukani usinyanyuke, lakini usilinyime gurudumu la nyuma uzito. Ukiona umeshindwa, usibane klachi. Iache injini ijizime ikiwa ndani ya gia, klachi ibaki imeachiwa, shika breki ya mbele. Breki ya mbele peke yake haitoshi, kwa sababu kwenye mlima gurudumu hilo halina uzito na litaburuzika kurudi nyuma. Kisha ilaze pikipiki upande wa juu wa mlima, ivute mkia hadi uso uelekee chini, inua, telemka, jaribu tena. Jaribio la tatu likishindikana, mwenzako avute kwa kamba. La nne hufanywa kwa kiburi tu.

Kuteremka: gia ya kwanza au ya pili, injini inanguruma, klachi imeachiwa, breki zote mbili kwa vidole viwili na ncha ya mguu. Gurudumu likifunga, achia, shika tena kwa upole.

Kuvuka maji

Simama. Shuka. Tembea. Mto usioweza kuuvuka kwa miguu huwezi kuuvuka kwa pikipiki. Tembea ukipima kina, aina ya sakafu, nguvu ya maji, na pale mtakapotokea, maana wengi huchunguza pa kuingilia tu. Maji ya kufika kitovu cha gurudumu hayana shida. Ya magotini yatake ushauri wa kundi. Yaendayo kasi na yaliyozidi goti, rudini. Maji yaliyokuwa meupe yakianza kuwa kahawia na kuleta vijiti, mvua imenyesha huko juu, na kina kitapanda mkiwa bado mnabishana.

Ingia polepole, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa kudumu, macho kwenye ukingo wa pili. Ukiyatazama maji yatakuchukua macho, na mwili utafuata. Mnaposukuma, simameni upande maji yanakotoka. Pikipiki ikianguka iangukie mbali nanyi, isiwabane chini ya maji. Mkishavuka, bonyezeni breki mara kadhaa kidogo kidogo hadi zishike.

Injini ikizama, kidole chako kikae mbali na stata. Hewa hubanwa, maji hayabanwi, na pistoni inayogonga maji hupinda fimbo yake. Fanya hivi:

1. Zima swichi, itoe majini, ifikishe pakavu.
2. Toa chujio la hewa, likamue, ondoa maji kwenye kisanduku chake.
3. Isimamishe pikipiki kwa gurudumu la nyuma ili maji yatoke kwenye egzosi.
4. Toa plagi, weka waya wake mbali na tundu, fungua mafuta hadi mwisho, kisha piga kiki au stata mara kadhaa hadi tundu lisiteme maji.
5. Ya kabureta, fungua skrubu ya chini umwage kilichomo.
6. Angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Usiwashe hadi ibadilishwe.
7. Kausha plagi au weka mpya, washa, iache ingurume bila haraka.

Kukwama, baridi na kuumia

Tairi la nyuma likizama, acha kulizungusha, unajichimbia kaburi. Ilaze pikipiki ubavuni: gurudumu litang'oka lenyewe kutoka shimoni. Jaza shimo mawe au matawi, inua, sukumeni wawili. Hiyo ni dakika mbili. Kuvuta kwa nguvu ni dakika ishirini na mgongo.

Baridi iangalieni kwa wenzenu, maana anayepoa hajui. Anatetemeka, anashindwa kufunga zipu, anajibu kwa maneno ya kuvutika. Hapo safari imekwisha kwake. Mtafutieni mahali pa kujikinga na upepo, nguo kavu, kitu cha kukalia ili asiguse udongo, blanketi la dharura, na kinywaji moto chenye sukari kama ana fahamu zake. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imezidi, si imepungua.

Radi: mkihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima, kaeni mbali na mti uliojitenga na mbali na pikipiki. Tafuteni jengo au gari lililofungwa kama lipo, na msiondoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Aliyeanguka vibaya asiinuliwe haraka. Zimeni injini, mmoja arudi nyuma kuzuia wanaokuja. Kofia isivuliwe kama anapumua vizuri, na akilalamika shingo au mgongo asisogezwe. Damu inayotoka sana ibanwe kwa nguvu moja kwa moja. Namba 112 hufanya kazi kwenye mitandao ya simu za mkononi ya nchi nyingi, lakini ya eneo mnakokwenda iandikeni kabla ya kuondoka.

Usiku wa katikati

Jumapili huamuliwa Jumamosi jioni. Kabla ya kukaa, wakati mwili bado una moto, mwaga maji juu ya pikipiki, futa mnyororo na kuupaka mafuta, badilisha chujio, angalia vibao vya breki, gusa kila nati na kila spoki. Ukikaa kwanza, hutainuka tena. Buti zijaze magazeti, uyabadilishe kabla ya kulala. Glovu usizianike karibu na moto, ngozi itakakamaa na asubuhi hazitaingia.

Halafu punguzeni njia ya kesho. Sisi hupanga Jumapili iwe nusu ya Jumamosi, na iishe mchana. Kundi ambalo linatania usiku huo kwamba kesho watafidia kilomita walizokosa, huwa najua nitakuwa nikivuta kamba.

Baada ya kurudi

Osha siku hiyohiyo. Tope lililokauka hushika unyevu ndani yake na kutu huanza chini ya macho yako. Ziba tundu la egzosi, tumia maji mengi ya kawaida. Mashine ya kuoshea ya nguvu isielekezwe kwenye beringi za magurudumu, sili za shokapu, mnyororo wala viungio vya umeme. Kisha washa injini dakika chache ipate moto na kufukuza unyevu, paka mnyororo mafuta ungali na joto, badilisha oili kama mlivuka maji ya kina.

Mwisho inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulitikise, kisha fanya hivyo la nyuma. Lisiteteme, lisikoroge mchanga likizungushwa. Ukisikia mchezo, beringi imeingia maji, ibadilishe wiki hii.